Makao ya Yatima: Tujenge Nini Milimani?

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Msemo huu twautumia sana hapa Pwani, harusini, matangani na barazani, lakini ni mara chache tunapojiuliza hiyo mikono mingine iko wapi, na huyo mwana aliyekosa mikono ya kwao alale katika nyumba ya namna gani.

Swali hilo lilinikabili Kisumu. Ndugu kadhaa wa huku kwetu, watu wa kheri ambao sitawataja, wamechanga fedha ili wajenge makao ya watoto yatima na wasio na walezi katika mji ule wa ziwani. Kwa kuwa nilikuwa na safari yangu ya huko, waliniomba nipite Milimani nikautazame uwanja na mchoro, kisha niwaletee habari. Nimewaletea. Na kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu wengi wanaotoa sadaka zao kwa ajili ya yatima, nimeona niliandike hapa, msomaji naye apate kulipima.

UWANJA NA MCHORO

Asiyeifahamu Milimani ya Kisumu na ajue kwamba ndiyo mitaa ya juu ya mji ule, inayoteremka taratibu kuelekea ziwani. Reli ilipofika mwaka 1901, na mji ukiitwa Port Florence, Wazungu walijichagulia upande huo wenye upepo. Hata leo zimebaki nyumba za zamani zenye varanda pana na viwanja vikubwa, ingawa magorofa yanazidi kuota baina yao kama uyoga baada ya mvua. Mbele kidogo kuna hifadhi ya swala iliyotangazwa mwaka 1992, na ukiendelea wafika Dunga, penye wavuvi, mafunjo na viboko.

Uwanja nilioonyeshwa una mikwaju miwili mikubwa, mti mmoja wa siala wenye maua ya manjano, na nyumba kuukuu iliyoanguka paa. Tulikaa chini ya mkwaju mmoja, mimi na kijana msanifu majengo, mwenyeji wa huko, akanikunjulia karatasi yake. Niliona ghorofa tatu, vyumba vya vitanda ishirini ishirini, ukumbi wa kulia, ofisi ya mkuu, ukuta wa mawe uliopachikwa vigae vya chupa, na lango moja la chuma. Uwanja wote uliobaki umetiwa saruji kwa ajili ya magari.

Nikamwuliza, "Na huu mti tulioukalia uko wapi katika karatasi yako?"

Akacheka kwa haya, akasema, "Mzee, umekatwa. Waliotoa pesa walitaka watoto mia. Ukitaka watoto mia katika uwanja huu, mti hauna nafasi."

Maneno hayo sikuweza kuyasahau. Kijana yule hakuwa na kosa, kwani alichora alichoagizwa. Kosa, kama lipo, ni letu sisi tulioagiza.

SHERIA IMEKWENDA WAPI

Kabla ya kuzungumza habari za miti na kuta, hapana budi tujue kwamba sheria ya nchi imekwisha kutupita. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na vituo vya watoto zaidi ya mia nane, vyenye watoto zaidi ya 40,000. Wengi wa watoto hao si yatima wa mama na baba. Wana mzazi mmoja, au bibi, au ami na khalati, na kilichowapeleka kituoni ni ufukara, au ada ya shule, au ugomvi wa nyumbani. Mwezi wa Novemba 2017 Serikali ilisimamisha kusajiliwa kwa vituo vipya. Mwaka 2022 ikapitishwa Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huo huo ukatolewa mpango wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwaondoa watoto vituoni na kuwarejesha katika jamaa zao au katika nyumba za walezi. Kisumu, na Kilifi yetu hapa Pwani, ni miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuijaribu kazi hiyo.

Jambo moja yafaa Waislamu walijue kwa kuwa ni la kwetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, wa mwaka 1989, umeitaja kafala kwa jina lake katika kifungu cha 20. Kenya iliuridhia mwaka 1990, ikaitia kafala katika mwongozo wake wa malezi wa mwaka 2014, na imo pia katika sheria ya 2022. Maana yake ni kwamba Mwislamu anayemchukua mtoto nyumbani kwake, akamlisha, akamvika na kumsomesha, bila ya kumbadilisha nasaba wala jina la babake, afanya jambo linalotambuliwa na serikali. Mirathi haimpati kama mwana wa kuzaa, lakini mlezi aweza kumuusia hata thuluthi ya mali yake. Yote hayo twayajua tangu chuoni. La ajabu ni kwamba fedha zetu zaenda kwenye tofali kwanza, na kafala twaikumbuka mwisho.

YATIMA ALIYELELEWA NYIKANI

Nani asiyejua kisa cha utoto wa Mtume, rehema na amani zimshukie? Babake alifariki naye hajazaliwa. Kama ilivyokuwa ada ya watu wa Makka, alipokuwa mchanga alipelekwa nyikani kwa Bani Saad, akanyonyeshwa na Halima, kwani Makureshi waliamini kwamba hewa safi ya jangwani humpa mtoto afya, na kukaa na mabedui humpa ulimi fasaha. Akarejea kwa mamake, naye akafariki alipokuwa na umri wa miaka sita. Akapokewa na babu, na baada ya miaka miwili babu akaondoka. Akapokewa na ami yake Abu Talib. Alipokua kidogo akachunga kondoo na mbuzi kwenye majabali ya Makka.

Tukitazame kisa hicho kwa jicho la mjenzi. Mtoto alihama nyumba mara nne, na kila mara alihamia kwa mtu mwenye jina: Halima, Amina, Abdul Muttalib, Abu Talib. Na katika umri wote huo hakukosa mchanga wa kuukanyaga, mnyama wa kumchunga, wala anga la kulitazama. Sura ya Adh-Dhuha yamkumbusha Mtume kwamba alikuwa yatima akapewa pa kukaa, kisha yakataza yatima kuonewa. Hapo pa kukaa palikuwa kwa watu wake.

Wajaluo, wenyeji wa mwambao ule wa ziwa, nao walikuwa na ujuzi wao. Mzee mmoja wa mtaa wa Kaloleni, Mwislamu ambaye babu zake waliswali Kisumu kabla ya barabara za lami, alinipeleka kwenye jumba la makumbusho la mji, lililofunguliwa mwaka 1980. Ndani ya uwanja wake umejengwa mji kamili wa Kijaluo wa zamani, uitwao Ber-gi-dala, wenye nyumba za wake watatu, nyumba ya mwana wa kwanza, maghala ya nafaka na boma la ng'ombe.

"Maalim," akaniambia, "hapa mtoto hakuwa wa mtu mmoja. Wadogo walilala siwindhe, nyumba ya bibi kizee, wakapewa hadithi na adabu. Mvulana akibaleghe hujenga simba yake karibu na lango. Asiye na mahali pa kujenga simba, hana kwao."

Baadaye nilisoma katika kitabu cha David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo juu ya Siaya, kilichotoka mwaka 1989, kwamba mlezi wa siwindhe aliitwa pim, na kwamba mara nyingi hakuwa hata jamaa wa damu. Alikuwa mwanamke mzee aliyetoka nje akakaa na watoto wa mji ule, akawalea. Kwa hiyo ulezi wa mtu asiye wa damu si jambo lililoletwa na wafadhili. Lilikuwapo, tena lilikuwa na nyumba yake.

Fikiri sasa, msomaji, mvulana wa Kijaluo aliyelelewa ghorofa ya tatu Milimani tangu akiwa na miaka minne hadi kumi na minane. Siku ya kutoka hupewa cheti na godoro, aambiwe nenda kwenu. Kwao wapi? Binamu zake hawamjui, mahali pa simba yake hapajulikani, na pengine hata kijiji cha babake kimesahauliwa katika faili. Tumempa kitanda kwa miaka kumi na minne na tumemnyang'anya kwao. Hii ndiyo khofu yangu kubwa.

WATAALAMU WASEMAJE

Wako watakaosema kwamba habari za miti ni za washairi, na yatima ataka chakula. Basi na tuwasikilize watu wa sayansi. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha uchunguzi wake juu ya wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, na nusu yalitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Mwaka 2019 wataalamu wa chuo kikuu cha Aarhus, Denmark, walitazama habari za watu zaidi ya 900,000, wakaona kwamba waliokulia penye uhaba mkubwa wa majani na miti walikuwa na hatari kubwa zaidi, hata kufikia asilimia 55, ya kupatwa na maradhi ya akili ukubwani. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mti peke yake ndio uliofanya kazi, lakini hesabu ni kubwa mno kuipuuza.

Hata hivyo upo uchunguzi mwingine ulio mzito zaidi. Romania, baada ya kuanguka kwa Ceaușescu mwaka 1989, dunia iliona watoto wengi mno waliorundikwa vituoni, wamelishwa lakini hawakupakatwa. Kuanzia mwaka 2000 wataalamu walichukua watoto 136 wa vituo vya Bucharest, nusu wakatafutiwa walezi majumbani. Walioingia majumbani walikua vizuri zaidi kwa akili na kwa mapenzi kuliko waliobaki, na hasa wale walioingia kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Mtoto mchanga kituoni hudhurika hata akiwa ameshiba.

Kwa hiyo tuweke mambo mahali pake. Mti husaidia, lakini mti haupakati. Bustani nzuri isiyo na mlezi ni makaburi yenye maua.

MAJENGO TUNAYOWEZA KUJIFUNZA KWAYO

Amsterdam, mwaka 1960, mjenzi Aldo van Eyck alimaliza makao ya watoto 125 yaliyosifiwa dunia nzima. Aliyajenga kama mji mdogo, kila kundi la watoto na nyumba yake, na kila nyumba na ua wake ulio wazi kwa jua na mvua. Wanafunzi wa ujenzi bado huyasoma. Lakini leo hayana mtoto hata mmoja; yamekuwa ofisi. Ulaya ilibadili fikra zake juu ya kuwalea watoto kwa makundi, na jengo likabaki.

Noh Bo, nchini Thailand, vijana wa Kinorwe wa TYIN walijenga mwaka 2009 vijumba sita vya mbao na mianzi kwa ajili ya watoto wakimbizi wa Kikaren. Mapaa yake yamefunguka kama mbawa za kipepeo, hupitisha upepo na kukinga maji ya mvua, na nje mna pembea. Kila kijumba ni cha watoto wachache, chenye mahali pa kujificha na mahali pa kucheza.

Na hapa kwetu, Kitui, kipo kijiji cha Nyumbani, kilichoanza kupokea watu mwaka 2006 katika ardhi ya eka 1,000 hivi. Kiliasisiwa na Padri Angelo D'Agostino kwa ajili ya waliofiwa kwa sababu ya UKIMWI. Humo yatima wamewekwa pamoja na wazee waliofiwa na wana wao. Bibi mmoja au babu mmoja akaa na watoto wapata kumi katika nyumba moja, wana shamba, mifugo na miti waliyoipanda. Walioanzisha ni Wakatoliki, nasi hatuna haja ya kuona haya kujifunza jambo jema kwa jirani. Huyo bibi wa Kitui ndiye pim yule yule wa siwindhe.

BASI TUJENGE NINI?

Nikirudi kwa kijana msanifu wangu, tulikaa siku mbili chini ya mkwaju wake tukichora upya, na haya ndiyo niliyowaletea ndugu zetu.

Kwanza, mikwaju ibaki. Mti wa miaka hamsini haununuliwi kwa fedha yoyote. Badala ya ghorofa ziwe nyumba nne ndogo za chini, kila moja watoto sita au wanane na mlezi wao, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Kila nyumba iwe na jiko lake, ili mtoto anuke moshi wa chakula chake na ajifunze kuchambua mchicha na kupara samaki. Nyumba zizunguke ua mmoja, kama zile za kwetu za mawe zilivyouzunguka ua wao, na kama dala ya Kijaluo inavyofanya kwa namna yake. Varanda ziwe pana, kwani jua la Kisumu ni kali na mvua yake ya alasiri huja na radi za kutisha. Kuwe na bustani ya mboga, kuku, na mrehani mlangoni.

Pili, tusiyapende maumbile kwa ujinga. Mwambao ule una malaria mwaka mzima, hata chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2019 ilianzia kaunti za huko ziwani. Mbu huingia sana kwenye mwanya ulio baina ya ukuta na paa. Basi mwanya huo uachwe kwa ajili ya hewa, lakini uwambwe wavu, na kila kitanda kiwe na chandarua. Maji ya mvua yakingwe katika matangi yenye mifuniko. Ziwani kuna kichocho na kuna viboko, kwa hiyo mtoto apelekwe Dunga na mtu mzima kutazama ndege wa kwenye mafunjo na wavuvi wakishusha mbuta, asiachwe kuogelea ovyo.

Tatu, badala ya ukuta wa vigae uwekwe ua wa ojuok, yaani mnyaa, na mlango unaofunguka mchana. Watoto wasome shule za mtaani pamoja na wenzao. Mtoto Mwislamu apelekwe chuoni, na mtoto wa Kikristo apelekwe kanisani kwa wazee wake, kwani makao ya yatima si mtego wa kubadilishia watu dini.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, nyumba hizo ziwe za kupitia, zisiwe za kumalizia utoto. Nusu ya fedha iwekwe kwa ajili ya kuwatafuta jamaa, nauli ya kuwatembelea, na posho kwa bibi anayeweza kumlea mjukuu akisaidiwa unga na ada. Na kabla ya tofali la kwanza, waende ofisi ya watoto ya kaunti wakaulize sheria yaruhusu nini. Ikiambiwa makao hayasajiliwi, basi uwanja uwe wakfu kwa jambo jingine la watoto wa mtaa: bustani, chuo, kituo cha mchana. Mikwaju itafaa vile vile.

DENI LANGU MWENYEWE

Sisemi haya kama mtu aliyetakasika. Miaka michache nyuma nilikwenda na wenzangu kugawa sadaka ya Idd katika kituo kimoja, mji na jina niyaache. Tulipeleka biriani, kanzu na halua. Watoto walipangwa mstari juani wakatuimbia, tukapigwa picha nao. Hapakuwa na mti hata mmoja katika uwanja ule. Tulipokuwa tukiondoka, kitoto cha miaka mitano hivi kilinishika kidole, kikaniuliza kwa sauti ndogo, "Babu, wewe ndiye uliyekuja kunichukua?" Nikasema sivyo. Kikaniachia, kikarejea mstarini bila ya kulia. Kutolia kwake ndiko kulikoniumiza, kwani mtoto hazoei jambo kama hilo kwa siku moja.

Nami ni yatima. Babangu alichukuliwa na bahari nikiwa na miaka saba. Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, kwenye shamba lake nyuma ya mji wa Lamu. Hapakuwa na umeme wala kitanda cha peke yangu, lakini palikuwa na mwembe niliousomea juzuu zangu, na mtu aliyeniita kwa jina kila magharibi ilipoingia. Sikuwahi kumwuliza mgeni yeyote kama ndiye aliyekuja kunichukua.

Ndugu zetu wamenisikiliza. Baadhi wamekubali, baadhi wanasema ghorofa huonekana kwa wafadhili na nyumba ndogo hazionekani. Shauri bado halijakatika, na fedha bado ziko benki. Nimewaachia beti hii, nami naiacha hapa kwa kila mwenye nia ya kujenga:

Yatima hataki jumba, lenye kuta za fahari,
Ataka wa kumpamba, kwa mapenzi na saburi,
Na mti mbele ya chumba, kivuli chake kizuri,
Kheri kibanda cha shamba, chenye mlezi wa kheri.